Jiwe la kanisa letu la Ribe: tuandike mwaka gani?

MamaMahamri

Hamjambo wenzangu. Mimi si mtu wa historia. Asubuhi nauza mahamri na mbaazi Mazeras, jioni ni katibu wa akina mama kwenye kikanisa chetu kidogo cha Methodist, ukishaiacha lami na kuingia upande wa Ribe (nyumbani twasema Rihe). Kazi hii nimetwikwa kwa sababu moja tu: mwandiko wangu wasomeka.

Kanisa limepigwa plasta upya, na kando ya mlango pameachwa nafasi ya jiwe la ukumbusho. Fundi wa Mariakani atoza shilingi 40 kwa kila herufi. Tarakimu kwake pia ni herufi. Nukta atatia bure, kasema, kwa kuwa ni kazi ya Mungu. Tumechanga 3,000, kwa hivyo tuna herufi 75 na wala hakuna mchango mwingine hadi mahindi yakomae.

Mwenyekiti ataka LILIANZISHWA 1862 NA MCH. THOMAS WAKEFIELD. Hizo ni herufi 36, nimezihesabu mara mbili. Mzee mmoja ataka mwaka wa jengo, lakini mwaka wenyewe hana. Ajua tu ni wakati wa vita vya Hitler. Nami nimekaa katikati na daftari langu, kwa sababu hadithi niliyolishwa nyumbani haina Wakefield ndani yake. Nyanya yangu alisema bibi yake alitoroka usiku kutoka mashamba ya Takaungu, akiwa amejitwika jembe la bwana wake, na hakulirudisha mpaka akafa. Kabila lake hakulijua vizuri. Alijiita Mnyasa. Ribe hakufuata Injili, alifuata pahali ambapo hangerudishwa. Injili aliikuta hapo.

Daftari la zamani la ubatizo tulikuwa nalo. Liliwekwa sandukuni, sanduku likawekwa sakafuni, na mchwa hawachagui dhehebu.

Basi nauliza wajuzi: kanisa huanza kuhesabiwa lini? Mzungu anaposhuka mashuani, au watu wanapoanza kukaa pamoja?

Karani Mstaafu

Mama, salaam. Nimekuwa karani wa sakiti (kundi la makanisa jirani ya Methodist) miaka mingi na nimeandika kumbukumbu nyingi za watu kugombania miaka. Mwambie mwenyekiti kwa heshima kwamba sentensi yake ina kasoro.

Habari yenyewe ilianzia mbali na Ribe. Kitabu cha safari za Krapf, mmisheni Mjerumani aliyekuwa akikaa Rabai, kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1860, na Charles Cheetham, Mmethodisti wa Heywood kule Uingereza, alikisoma akamwandikia mwandishi. Kundi lake si lile kubwa la Wesley. Lilikuwa United Methodist Free Churches, makanisa yaliyokuwa yameungana mwaka 1857 tu. Krapf, aliyekwisha rudi kwao akiwa mgonjwa, akakubali kuwaongoza vijana wanne: Wakefield na James Woolner kutoka Uingereza, na wawili wa chuo cha St. Chrischona karibu na Basel.

Sasa sikiliza hesabu yao. Woolner aliugua akarudishwa kwao. Wale wawili wa St. Chrischona wakaondoka nao. Krapf mwenyewe afya ikamshinda, akaondoka mwaka uleule wa 1862. Akabaki Wakefield peke yake na homa yake, hadi Charles New alipofika mwaka 1863. Ukiniuliza mimi, mwaka 1862 Ribe palikuwa na mgeni mmoja mgonjwa na wazee wa kaya (makao ya asili ya wenyeji, ndani ya msitu) waliokubali akae. Kusanyiko liko wapi hapo?

Kuna na jambo jingine ambalo watu wetu hawapendi kulisikia. Hawa wageni hawakuja kwa ajili yetu. Walitumwa kwa Wagalla, ndio Waoromo wa leo. Ribe ilikuwa pahali pa kutua mzigo, wapate nguvu, kisha waelekee kaskazini. Ikawachukua zaidi ya miaka 20 kuweka kituo Golbanti, kwenye Mto Tana, na mwaka 1886 Wamaasai wakakivamia, wakawaua John Houghton na mkewe Annie. Kilichodumu ni pale walipotua mzigo.

Mtu wa Gazi

Assalaam alaykum. Mimi Mwislamu, nimepita tu, lakini nimeona Wakefield akitajwa nikashindwa kunyamaza.

Huyo Wakefield anasifiwa pia na watu wa jiografia. Mwaka 1870 jarida la Royal Geographical Society la London lilichapisha njia za misafara kutoka pwani mpaka bara, kwa jina lake. Sasa soma kichwa cha habari hadi mwisho: maelezo mengi yalitolewa na Sadi bin Ahedi, mtu wa karibu na Gazi. Yaani mchungaji alikaa Ribe na kalamu, na mtu wetu, aliyeijua njia kwa miguu, akamsimulia kituo kwa kituo. Wazungu wakachora ramani.

Mkipata nafasi kwenye jiwe, mtieni.

MamaMahamri

Mtu wa Gazi, Sadi bin Ahedi ni herufi 12, shilingi 480. Utachanga?

Karani, ahsante. Hiyo ya kutua mzigo imenikaa. Nimemsomea mume wangu akacheka, akasema hata yeye alipokuja kwetu alikuwa apita tu.

Mwari wa Kaaga

Mama, pole na fundi. Mimi natoka Meru, Methodist wa kuzaliwa. Kwetu misheni ilianza mwaka 1912, na Kaaga ndiko nyumbani kwa wengi wetu, kwa hivyo tulikua tukiambiwa kwamba nyinyi wa pwani ni kaka zetu wakubwa kwa miaka 50.

Ushauri wangu ni wa siasa zaidi kuliko historia. Mwaka 2012 Kanisa la Methodist nchini Kenya lilitimiza miaka 150. Kwa hivyo 1862 ishakubalika kitaifa, na mkiitupa kabisa mtajibizana na kila mgeni wa sinodi. Iacheni iwepo, lakini isibebe neno "lilianzishwa". Kumbukeni pia kwamba kanisa hili lilijitawala mwaka 1967. Kabla ya hapo, mambo makubwa yalikuwa yakiamuliwa Uingereza.

Kuhusu daftari lililoliwa: barua na ripoti za misheni zilizotumwa Uingereza ziko katika maktaba ya SOAS, London, kwenye nyaraka za Methodist Missionary Society. Kama kuna kijana wa kwenu anayesoma huko, mpeni kazi.

Halafu mbona wanaume watupu? Rebecca, mke wa Wakefield, alikuja Ribe, mwaka 1873 akafia hapohapo. Alikuwa na umri wa miaka ya 20. Kama mtu alikufa kwa ajili ya mahali, ni yeye.

MamaMahamri

Mwari, huyo Rebecca nimemfikiria usiku kucha. Wanawake wa hapa bado twamtaja, hasa mtu akijifungua vibaya, ingawa wengi hawajui ni nani. Wasema tu "yule bibi mzungu". Lakini nikimwandika yeye nitamwachaje yule wa jembe?

Jana tulikaa kamati. Niliwasomea majibu yenu yote, hata la Mtu wa Gazi (mzee mmoja akatikisa kichwa, lakini akauliza jina lirudiwe). Nikapendekeza neno WATORO liwe kwenye jiwe. Mwenyekiti akakataa katakata. Akasema neno hilo ni la kashfa, kwamba alipokuwa mdogo watoto wa kaya waliwaita wao "wamisheni", na wakikasirika zaidi, "watoro", na kwamba hakubali wajukuu wake walisome mlangoni kila Jumapili. Hakuwa akifoka. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nilikuwa nimejiandaa kubishana na mtu mkaidi, na kumbe mwenzangu ana kidonda kilekile, ila yeye akifunika na mimi nakifunua.

Sikusema kitu. Nilikunja daftari nikaenda kukanda unga.

Karani, wewe uliyezisoma kumbukumbu: hawa watu walibaki watoro mpaka lini? Kuna siku waliacha kuwa watoro?

Karani Mstaafu

Iko, na ina tarehe. Tarehe 1 Januari 1889.

Miaka ya 1880 vituo vya misheni vilijaa watu waliokimbia mashamba. Wengi walikuwa Rabai kwa Waanglikana, wengine upande wetu wa Methodist. Wenye mashamba wa Mombasa na Takaungu walikuwa wakidai watu wao, na balozi wa Uingereza alikuwa ameshawaonya wamisheni wasiwahifadhi. Baadhi ya wamisheni walijua na wakafumba macho. Mwaka 1888 mambo yakafika pabaya, ikaogopwa kwamba vituo vitavamiwa. George Mackenzie wa kampuni ya Imperial British East Africa, iliyokuwa ndiyo kwanza inaingia nchini na haikutaka vita mlangoni, akapatana na mabwana walipwe fidia, kama dola 25 kwa kila kichwa. Watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru siku hiyo ya mwaka mpya. Utumwa wenyewe uliendelea pwani kisheria hadi mwaka 1907, kwa hiyo usidhani kila mtu alifunguliwa. Hawa ndio waliokimbia mapema.

Sitakuficha: pesa zilikwenda kwa mabwana. Aliyelima hakupata hata senti.

Kwa hiyo mwambie mwenyekiti, kwa upole huohuo aliosema nawe, kwamba waliopewa hati siku hiyo hawakuzikwa kwenye makaburi ya kwenu wakiwa watoro. Waliozikwa ni watu wenye karatasi. Lakini waliokuja, walikuja watoro, na walikuja kwa miguu yao. Wakefield aliletwa na kamati.

MamaMahamri

Dola 25! Basi na jembe lilikwishalipiwa. Laiti nyanya angeyasikia haya. Maisha yake yote alikuwa akishusha sauti akifika kwenye jembe, kana kwamba mwenyewe yuko dirishani.

Leo nilimpelekea mwenyekiti mahamri sita na jibu la Karani, nimeliandika kwa mkono kwa herufi kubwa kwa kuwa macho yake hayaoni simu. Alisoma polepole. Alipofika kwenye karatasi za uhuru aliniambia kitu ambacho katika miaka 20 ya kukaa naye kamati hakuwahi kunitamkia: kwao kulikuwa na karatasi. Babu yake aliiweka ndani ya mianzi kwenye dari. Nyumba iliungua.

Hakusema ndiyo. Amesema niandike nitakavyo kisha niilete kwenye kamati Jumapili, na kama kuna atakayepinga, si yeye atakayeanza. Kwake hiyo ni ndiyo.

Nimefuta na kuandika hadi penseli imekuwa fupi. LILIANZISHWA nimelitoa, kama alivyosema Mwari. Wakefield nimemtoa, anisamehe, jina lake liko kwenye vitabu. Rebecca nimeshindwa kumpatia nafasi na naona vibaya. Akina mama tumekubaliana tutapanda mfiwafiwa upande wa kaskazini wa ua, tutamwita kwa jina lake tukiupalilia. Jiwe litasema hivi:

1862 MISHENI IKAJA. WAZEE WA KAYA WAKATOA ARDHI. WATORO NA WENYEJI WAKAJENGA.

Herufi 63 kamili, nimehesabu na binti yangu akahesabu. Shilingi 2,520. Zinabaki 480 na sijui tuzifanye nini, pengine rangi ya mlango.

Mtu wa Gazi

Mama, hebu gawanya hizo 480 kwa 40.

MamaMahamri

Nilishagawanya tangu asubuhi. Nyamaza kwanza, Jumapili haijafika.