Kanda, sidii au MP3: tupeane uzoefu wa muziki wa mfukoni

Mkaazi wa Milimani, Kisumu: Leo napanga kabati nikakuta Walkman ya marehemu mjomba na kanda zake za benga. Sony walianza kuziuza 1979, na hii ukiitia mawe mawili bado inaimba. Kwangu kanda haijapata mshindani. Nyinyi mlibeba nini?

Section 58: Kanda! Unaingiza biro ya Bic kwenye tundu, unazungusha kuirudisha nyuma, mawe yanabaki ya kusikiliza.

Abiria wa Ahero: Discman, ile Walkman ya sidii, ilinitesa. Tuta moja tu, wimbo unaruka. Zile zenye kinga ya mtikisiko zilisoma sekunde kadhaa mbele na kuziweka akiba, lakini zilimaliza mawe haraka.

Mwana wa Siaya: Kanda mnaisifu kwa sababu haijawaliza. Babu yangu alikuwa mpiga nyatiti, kile kinubi cha Wajaluo. Baba alimrekodi kwenye kanda ya dakika 120, akipiga na kutaja watu wa ukoo, hadi wale tusiowajua. Nakala hakukuwa. Siku ya kumbukumbu yake, nyumba imejaa, binamu akaitia kwenye redio ya jirani. Babu akaanza vizuri, shangazi machozi yanamtoka. Mara sauti ikazama, ikawa nzito kama ya mtu anayesinzia, ikanyamaza. Kufungua mlango, redio imekula kanda: utepe umejisokota kwenye kigurudumu cha mpira. Binamu akauvuta. Nikapiga kelele "Usivute!" Ulishakatika. Shangazi akaokota kipande kilichoanguka, akakifunga kwenye ncha ya leso. Kanda ninayo, sijathubutu kuigusa tena.

Section 58: Pole sana ndugu.

Fundi wa Kondele: Utepe wa 120 ni mwembamba mno, ndiyo maana tuliwasihi watu wanunue 60 au 90. Na hicho kigurudumu kikichafuka hunata. Spiriti na pamba, kila mara.

Mama wa Mumias: Unganisha kwa seloteipu. Yangu niliunga hivyo na inacheza.

Fundi wa Kondele: Mama, tafadhali! Gundi ya seloteipu huvuja pembeni ikashika utepe unaofuata. Kuna utepe maalum wa kuungia.

Kijana wa Maseno: Wazee, sidii ya MB 700 inabeba muziki wa dakika 80. Jaza MP3 za kilobiti 128 kwa sekunde, unapata zaidi ya masaa 12. Mnabishania nini?

Mkaazi wa Milimani, Kisumu: MP3 ya 128 inaharibu upatu, unasikika kama unachemka. Weka hata 320.

Kijana wa Maseno: Ndani ya matatu utausikia upatu gani?

Abiria wa Ahero: Na kadi ya memori ikikataa kufunguka, nyimbo zote kwaheri. Kanda ikikatika unapoteza kipande tu.

Mkaazi wa Milimani, Kisumu: Tumwache kwanza huyu wa Siaya asaidiwe.

Fundi wa Kondele: Siaya, ikishaungwa usiicheze kwa kujaribu. Chomeka waya kutoka tundu la hedifoni hadi kwenye kompyuta, urekodi mchezo wa kwanza kabisa. Hifadhi WAV, faili isiyotupa sauti. MP3 ya kumtumia shangazi itengeneze baadaye, kwa sababu MP3 hutupa sehemu ya sauti na hairudi.

Mwana wa Siaya: Na kile kipande chake kinaweza kurudi mahali pake?

Fundi wa Kondele: Kama hakijavutika kikawa uzi, kinarudi. Mikunjo utaisikia kidogo, lakini majina utayapata. Usikinyooshe kwa kucha, njoo nacho kilivyo.

Mama wa Mumias: Seloteipu yangu bado imeshika lakini.