Mwaka 1977 katika fasihi ya Kenya: kwa nini riwaya iliachwa isomwe na tamthilia ikapigwa marufuku?

Mwanafunzi wa Fasihi (Eldoret):
Shikamooni walimu, na salamu kwenu wasomaji wenzangu. Ninaandaa wasilisho kuhusu mwaka 1977 katika fasihi ya Kenya na kuna jambo linalonitatiza. Mwezi Julai mwaka huo, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, *Petals of Blood*, ilizinduliwa Nairobi, na aliyeizindua alikuwa Mwai Kibaki, Waziri wa Fedha katika serikali ambayo riwaya yenyewe inaishutumu waziwazi kwa kuwasaliti wakulima na wafanyakazi. Tarehe 16 Novemba, kibali cha kuigiza *Ngaahika Ndeenda*, tamthilia ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o aliiandika kwa Kikuyu pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, kikafutwa. Mwaka ulipokuwa unakatika, mwandishi huyo wa riwaya akachukuliwa na polisi nyumbani kwake Limuru na kuwekwa kizuizini katika Gereza la Kamiti bila kushtakiwa. Maelezo ninayokutana nayo mara nyingi ni kwamba Kiingereza kiliwafikia wachache na Kikuyu kikawafikia wengi. Je, sababu ni lugha peke yake?

Mwalimu Mstaafu (Kiambu):
Marahaba, mwanangu. Lugha ni sehemu ya jibu, lakini ukiishia hapo utaacha nje kile kilichokuwa kipya kabisa mwaka ule, yaani namna kazi yenyewe ilivyotengenezwa.

Kamĩrĩĩthũ, mahali tamthilia hiyo ilipoigizwa, ni kijiji kilichoanzishwa wakati wa hali ya hatari, miaka ya 1950, wakoloni walipowahamisha watu kwa nguvu ili kuwatenga na wapiganaji wa Mau Mau waliokuwa msituni. Kituo cha elimu na utamaduni cha kijiji kilianza na madarasa ya kisomo cha watu wazima mwaka 1976, na tamthilia ikazaliwa humo. Rasimu iliposomwa mbele ya wanakijiji, waliirekebisha: wazee walisahihisha lugha ya wahusika wa rika lao, wafanyakazi wa viwandani wakaeleza jinsi kazi na ujira vilivyo hasa, na bibi mmoja asiyejua kusoma akafundisha mpangilio wa nyimbo za gĩtiiro zinazoimbwa katika sherehe za ndoa. Bunduki za kuigizia zilitengenezwa kwa msaada wa watu waliowahi kuunda bunduki halisi za Mau Mau. Wanakijiji ndio waliojenga ukumbi wa wazi wenye nafasi ya watu wapatao 2,000, na mazoezi yalifanyika hadharani, kiasi kwamba wengi walikuwa wameyahifadhi maneno kabla ya onyesho la kwanza la Jumapili, tarehe 2 Oktoba.

Sasa tazama kisa chenyewe. Kĩgũũnda, kibarua wa shambani, ana kipande cha ardhi cha ekari moja na nusu, na hati yake ameitundika ukutani. Tajiri Kĩoi anaitaka ardhi hiyo, na mwishowe anaipata. Watazamaji walikuwa wanaishi jirani na mashamba makubwa ya chai, nao hawakuhitaji mhakiki wa kuwafafanulia. Msomaji wa riwaya hukasirika akiwa peke yake chumbani, bali hawa walikasirika wakiwa pamoja, katika ukumbi walioujenga kwa mikono yao, na kwa maoni yangu hilo ndilo lililoitia serikali hofu.

Msomaji wa Mombasa:
Nakubaliana na Mwalimu, ila naomba wasilisho lako lisianze kana kwamba kabla ya 1977 hakukuwa na mwandishi wa Kenya aliyefungwa kwa kuandika katika lugha ya Kiafrika. Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliandika kijikaratasi cha *Kenya: Twendapi?* mwaka 1968, kwa Kiswahili, na akakaa gerezani kuanzia 1969 hadi 1972. Huko aliandika mashairi kwenye karatasi za chooni, nayo yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*. Mwaka uliofuata diwani hiyo ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye utawala wake ndio uliomfunga mshairi. Ngũgĩ naye, alipofikishwa Kamiti na kupewa namba K6,77, aliandika riwaya ya Kikuyu, *Caitaani Mũtharaba-inĩ*, kwenye karatasi za aina hiyohiyo. Inaniuma kuona kisa cha pili kinasimuliwa dunia nzima na cha kwanza kinatajwa kwa nadra, hata na sisi wenyewe tunaosoma Kiswahili.

Pia usisahau mwanzo wa mwaka. Katika tamasha kubwa la sanaa za Waafrika lililofanyika Lagos mwezi Januari na Februari 1977, Kenya iliwakilishwa na *The Trial of Dedan Kimathi* ya Ngũgĩ na Mĩcere Gĩthae Mũgo, pamoja na *Betrayal in the City* ya Francis Imbuga. Taifa lilijivunia tamthilia hizo kali ugenini, na kabla ya mwaka kwisha likafunga jukwaa la kijijini.

Mhariri wa Vitabu (Dar es Salaam):
Niongeze upande wa biashara ya vitabu, ambao ulikuwa na athari kubwa ijapokuwa hauna mashujaa. Mwezi Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na katikati ya mwaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Shirika la uchapishaji la Jumuiya, East African Literature Bureau, likavunjika nayo, na upande wa Kenya kazi zake zikarithiwa na Kenya Literature Bureau. Wachapishaji wa Nairobi waliokuwa wakitegemea wasomaji wa huku walipoteza soko, nasi tukapoteza njia rahisi ya kupata vitabu vyao. Mpaka haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983.

Mwanafunzi wa Fasihi (Eldoret):
Nawashukuru sana. Je, kuna ushahidi kwamba serikali iliogopa ukumbi na kikundi chenyewe, zaidi ya maandishi?

Mwalimu Mstaafu (Kiambu):
Upo. Matini ya *Ngaahika Ndeenda* ilichapishwa mwaka 1980 na kuuzwa madukani, na tafsiri yake ya Kiswahili, *Nitaolewa Nikipenda*, ikatoka mwaka 1982. Lakini mwaka huohuo wa 1982, kikundi kilipotaka kuigiza tamthilia nyingine, *Maitũ Njugĩra*, kilinyimwa nafasi katika Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza, na mwezi Machi polisi wakaenda Kamĩrĩĩthũ kuubomoa ukumbi wa wazi. *Ngaahika Ndeenda* iliigizwa katika Ukumbi huo wa Kitaifa mwezi Mei 2022.