Mulla Mustafa Barzani alikosea kuacha vita 1975?

Mwarobaini: Wakuu, mzee Barzani, kiongozi wa Wakurdi wa Iraki, kapigana na serikali ya Baghdad miaka na miaka. Machi 1975 Shah wa Iran na Saddam wakapatana kule Algiers, msaada wa Iran na Marekani ukakatika, naye akawaambia peshmerga, wapiganaji wake wa Kikurdi, basi. Watu wakamiminika Iran kama wakimbizi. Mimi naita usaliti.

Jahazi: Chunga ulimi. Jamhuri ya Mahabad, ile ya Wakurdi huko Iran, ilipoanguka, rais wake Qazi Muhammad akanyongwa 1947, Barzani alikataa kujisalimisha. Aliongoza watu kama mia tano milimani, jeshi la Iran likiwawinda, hadi wakavuka mto Aras kuingia kwa Wasovieti. Kakaa huko miaka 11. Huyo ndiye msaliti?

Mwarobaini: Usinilishe maneno, sijasema mwoga. Nazungumzia 1975.

Bi Rehema: Shida ni ukoo. Baba, kisha mwana Masoud, leo mjukuu mmoja rais wa Kurdistan ya Iraki, mwingine waziri mkuu. Mapambano ya watu wote yamekuwa urithi wa nyumba moja.

Jahazi: Dada, 1983 Saddam alikusanya wanaume wa Barzani, hadi watoto wa kiume, karibu elfu nane. Hawakurudi. Urithi gani huo?

Bi Rehema: Na wajane wao ndio wanaotawala? Msiba wa wengi usiwe cheo cha wachache.

Msemakweli: Wakurdi huuzwa na kila mtu. Hata Kenya: Öcalan, kiongozi wa waasi wa Kikurdi wa Uturuki, si alikamatiwa Nairobi 1999?

Wa Kariokor: Weee, usitutie hapo! Alifichwa na balozi wa Ugiriki, Waturuki wakamchukua. Miezi sita nyuma tulikuwa tumezika zaidi ya watu mia mbili wa bomu la ubalozi wa Marekani. Ulitaka tubebe vita vya nani tena?

Msemakweli: Kwa hiyo mgeni anatolewa nyumbani kwa balozi hadi uwanja wa ndege, mwenye nchi hana habari? Pole kwa msiba, lakini jibu.

Wa Kariokor: Waulize Wagiriki waliomleta bila kutuambia.

Mwarobaini: Jamani, mada ni Barzani. 1975 angeweza kurudi kwenye vita vya msituni bila Shah, kama alivyoanza 1961.

Jahazi: Kwa risasi za nani? Na alikuwa na zaidi ya miaka 70, anaumwa. Alifia Washington 1979.

Msemakweli: Wa Kariokor, bado nasubiri.