Goti na kisigino vinauma tangu nipate shida ya mkojo: nianze kupima nini?

Mkazi_Donholm

Wadau, naomba ushauri wa wanaojua mambo ya viungo. Nina miaka 29. Goti la kushoto limevimba, kifundo cha mguu wa kulia kinauma, na asubuhi kisigino hakikanyagiki mpaka nitembeetembee. Kabla ya hayo mkojo ulikuwa ukiniwasha. Nilinunua vidonge duka la dawa, muwasho ukaisha, kisha wiki chache baadaye viungo vikaanza. Sasa ni miezi. Nina mke, lakini nilikuwa na mtu mwingine bila kondomu. HIV nilipima mapema ikatoka hasi. Maabara moja ya mjini ilinipima athraitisi na asidi ya yuriki, wakasema niko sawa. Nikidungwa diklofenaki maumivu yanatulia, halafu yanarudi. Inaweza kuwa ugonjwa wa zinaa uliobaki mwilini? Na nianzie wapi bila kumaliza pesa?

Tabibu_Eastlands

Pole ndugu. Kwanza tuondoe hatari. Goti likiwa na moto, limejaa na halikunjiki hata kidogo, au ukiwa na homa ya kutetemeka, usilale nalo nyumbani. Nenda kitengo cha dharura usiku huohuo, iwe hospitali ya Mama Lucy, Mbagathi au Kenyatta hapa Nairobi. Usaha ndani ya kiungo huharibu gegedu kwa siku chache tu, na kwa watu wa umri wako kisonono ni mojawapo ya visababishi. Maji ya goti yavutwe kwa sindano kabla ya antibiotiki kuanza. Ukishameza dawa, vijidudu huenda visiote maabara na daktari abaki kubahatisha. Jicho jekundu linaloumia na kukimbia mwanga nalo lionwe siku hiyohiyo.

Kama hayo hayapo, maelezo yako yanaelekea kwenye athraitisi riaktivu, yaani uvimbe wa viungo unaofuata maambukizi ya sehemu nyingine ya mwili. Kwa upande wa zinaa, klamidia ndiyo inayoongoza. Kawaida huanza wiki 1 hadi 4 baada ya kuambukizwa. Hupenda viungo vichache na vikubwa vya miguu, upande mmoja usifanane na mwingine, na hupenda kisigino pale kano inaposhika mfupa. Wakati mwingine kidole kimoja cha mguu huvimba chote kama soseji. Baridi yabisi ile ya muda mrefu ni tofauti: hiyo hushika viungo vidogo vya vidole, mikono yote miwili kwa pamoja.

Sasa elewa hili vizuri, maana hapa wengi hupotea. Katika ugonjwa huu goti halina usaha wala vijidudu vinavyoota. Kinga ya mwili iliyoamshwa na maambukizi ndiyo inayoshambulia kiungo. Ndiyo maana mkojo unaweza kupona kabisa na goti likaendelea kuvimba. Na ndiyo maana kurudia antibiotiki mwezi baada ya mwezi hakutakusaidia. Doksisaiklini 100 mg mara mbili kwa siku, kwa siku 7, hutibu klamidia ya njia ya mkojo. Uvimbe una matibabu yake peke yake. Wengi hutulia ndani ya miezi 3 hadi 12. Wasiotulia wanahitaji daktari wa rumatolojia, yaani bingwa wa viungo, ambaye anaweza kuwaanzishia dawa kama salfasalazini.

Swali moja: kabla ya viungo kuanza, uliwahi kuhara vibaya? Salmonela, shigela na kampilobakta huleta ugonjwa huuhuu wa viungo bila zinaa kuhusika. Na vile vidonge vya dukani vilikuwa vya aina gani?

Maabara_Kwanza

Nizungumzie vipimo, kwa sababu pesa nyingi hupotelea hapo.

Kinachouzwa kama "kipimo cha athraitisi" mara nyingi ni RF tu, kingamwili inayotafutwa kwa baridi yabisi. Katika athraitisi riaktivu RF kwa kawaida huwa hasi, na kuna watu wazima wa afya ambao kwao hutoka chanya. Kwa hiyo majibu yako hayajafuta chochote. Hata asidi ya yuriki inaweza kuonekana ya kawaida wakati jongo, ugonjwa wa viungo unaoletwa na asidi hiyo, limepamba moto.

Klamidia haionekani kwa hadubini ya mkojo wa kawaida. Unahitaji PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kijidudu chenyewe. Uliza kama kituo kina katriji (kikasha cha kupimia) ya klamidia na kisonono ya GeneXpert, mashine ileile inayopima TB, kwa sababu si kila kituo chenye mashine kina katriji hiyo. Kaa angalau saa nzima bila kukojoa, kisha kinga mkojo wa kwanza kabisa kutoka, kama mililita 20 hadi 30, usijaze chupa. Kosa la kila siku ni kumwaga ule wa kwanza na kukinga wa katikati, kama watu walivyozoea kwa kipimo cha UTI. Ule wa kwanza ndio unaosafisha njia na kubeba vijidudu. Kwa mwanamke, ute unaochukuliwa ukeni kwa kijiti cha pamba ni bora kuliko mkojo. Na ukiambiwa kuna "klamidia ya damu", kataa kwa heshima: hiyo hupima kingamwili, na zinaweza kuwa za maambukizi ya zamani.

Kaswende pia huleta maumivu ya viungo, hasa hatua ya pili, pamoja na vipele visivyowasha kwenye viganja na nyayo. Pima VDRL au RPR, na ikiwa chanya ithibitishwe kwa TPHA. Msiruke uthibitisho huo. Lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, huumiza viungo na pia huweza kuifanya VDRL itoke chanya ya uongo, kwa hiyo mtu anaweza kutibiwa kaswende ambayo hana huku lupasi ikiendelea kumla.

HIV rudia miezi 3 ikishapita tangu tukio, maana hasi ya wiki za mwanzo haitoshi, na virusi vyenyewe vinaweza kuumiza viungo. Ongeza HBsAg ya homa ya ini B, ESR au CRP (vipimo vya damu vya uvimbe mwilini), na hesabu ya damu. HLA-B27, jeni inayohusishwa na ugonjwa huu, usianze nayo. Ni ghali, na kwa Waafrika jeni hiyo ni nadra, hata wenye ugonjwa wengi hutoka hasi.

Njoro254

Mbona hamtaji brusela, ule ugonjwa wa kutoka kwa mifugo? Watu wengi hapa Nairobi wenye maumivu ya viungo wanaambiwa ni hiyo.

Tabibu_Eastlands

Iko kwenye orodha kama mtu anakunywa maziwa yasiyochemshwa au anashughulika na mifugo, na ana homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya mgongo au nyonga. Shida ni kile kipimo cha haraka cha kugandisha matone. Hutoa chanya nyingi za uongo, na matibabu ya brusela ni wiki 6 za dawa mbili kwa pamoja. Usianze safari hiyo kwa karatasi moja ya chanya.

Mfamasia_Ngara

Kuhusu hizo sindano: diklofenaki inapunguza uvimbe, haitibu chanzo. Kiwango cha juu kwa mtu mzima ni 150 mg kwa siku, na anayedungwa asubuhi kisha akameza ibuprofeni jioni ameongeza madhara bila kuongeza nafuu. Kudungwa hakuliokoi tumbo, vidonda hutokea vilevile kwa sababu dawa hufanya kazi kupitia damu, na figo nazo huumia. Sindano ya tako iliyokosewa inaweza kuumiza neva ya mguu. Mwenye vidonda, presha au shida ya figo amwambie daktari kwanza.

Ninachoogopa zaidi ni zile dawa za viungo zisizo na lebo. Ikikuondolea uvimbe wote kwa usiku mmoja, shuku kwamba imechanganywa na steroidi. Inaficha maambukizi yanayoendelea, na aliyeimeza wiki nyingi asiikate ghafla, aende hospitali apunguziwe taratibu.

Mkazi_Donholm

Asanteni sana. Homa sina, kuhara sikumbuki. Vidonge vilikuwa antibiotiki ya siprofloksasini peke yake. Mke wangu hana dalili yoyote, na ni mjamzito. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Tabibu_Eastlands

Basi mambo yasogee wiki hii. Kisonono cha siku hizi kinaistahimili sana siprofloksasini, na kwa klamidia dawa hiyo si ya kutegemewa. Muwasho kuisha si ushahidi kwamba umepona.

Kutokuwa na dalili kwa mke hakumaanishi hana. Wanawake wengi wenye klamidia hawahisi kitu. Mtoto anaweza kuipata wakati wa kuzaliwa, ikashika macho au mapafu. Kaswende ni mbaya zaidi, mimba inaweza kutoka au mtoto akazaliwa amekufa. Zote zinatibika akiwa mjamzito: klamidia kwa azithromaisini 1 g mara moja, kaswende ya mapema kwa sindano ya benzathini penisilini yuniti milioni 2.4. Doksisaiklini asipewe. Mweleze muuguzi wa kliniki ya wajawazito kwamba mume ana dalili, ili asipimwe kwa mazoea tu.

Dada_Muuguzi

Kaka, mwambie wewe mwenyewe kabla hajaambiwa kliniki. Maneno machache yatosha: "Huenda nimeambukizwa, na huenda nimekuambukiza. Nataka tupimwe wote wiki hii kwa sababu ya mtoto." Ataumia, na ana haki ya kuuliza, usimjibu kwa ukali. Akitaka mshauri awepo, vituo vya kupima HIV vya umma vina washauri na kipimo ni bure. Yule mwingine naye ajulishwe, pamoja na yeyote uliyelala naye siku 60 kabla ya dalili. Msikutane kimwili mpaka siku 7 zipite baada ya wote kumaliza dawa, la sivyo mtarudishiana. Rudieni kipimo cha klamidia baada ya miezi 3.

Kwako, kliniki ya Casino pale River Road imezoea magonjwa ya zinaa, hutaona aibu. Omba barua ya rufaa ya viungo huko huko. Beba majibu yote ya zamani na paketi ya ile siprofloksasini, na uandike tarehe ya tukio, ya muwasho na ya goti kuvimba. Na foleni ya Jogoo Road isikufanye ukojoe ukishuka tu mjini, kabla hujatoa mkojo wa kipimo.