Tupeane uzoefu: mnyama mkorofi na kijana wa umri wa balehe katika nyumba moja

Mama wa Himbi, Goma

Ndugu wazazi, nanyi vijana mnaosoma, naomba tuzungumze kwa utulivu jambo ambalo katika nyumba nyingi za Goma huishia katika makelele: namna ya kuishi na mnyama asiyetulia wakati uleule unapomlea mtoto aliyefikia umri wa kukataa kila anachoambiwa. Siwazungumzii wanyama wa mapambo. Kwetu mbwa ni mlinzi, paka ni wa panya, sungura na simbilisi, wale wanyama wadogo wa kufugwa jikoni, ni akiba, na kwa kuwa kila mmoja ana kazi yake, akikorofika hatuwezi kumfungulia tu mlango aende zake.

Mbwa wetu hufungwa mnyororo tangu asubuhi hadi geti linapofungwa usiku, kama ilivyo desturi katika parseli, yaani viwanja vya nyumba, nyingi za mtaa wetu. Humrukia kila mgeni, amekwisha kumpasulia sentineli wetu, mlinzi wa geti, suruali, na mume wangu hawezi kumsogelea hata akiwa amemshikia chakula. Anayemkubali ni mtu mmoja tu, binti yetu wa miaka 15, ambaye ili aoshe vyombo hubembelezwa tangu mchana hadi jioni. Binti huyohuyo huamka kabla hakujapambazuka, humchemshia mbwa mabaki ya ugali pamoja na vichwa vya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, humfagilia mahali pake, na kuzungumza naye kwa upole ambao sisi wazazi hatujausikia kwake muda mrefu. Baba yake akikasirishwa na alama za shule humwambia, "Nitamuuza huyo mbwa wako." Moyo wangu unakataa tishio hilo, ila nikimweleza mwenzangu hanielewi. Naomba aliyepitia haya atueleze alivyofanya: ni nani mwenye jukumu la mnyama, ni nani mwenye uamuzi juu yake, na watoto wadogo mnawalinda vipi.

Mwalimu wa Ndosho, Goma

Mama, nitaanza na usalama, kwa sababu hapo ndipo ukimya wa kijana unapoweza kuleta kifo. Mwanafunzi wangu mmoja aliingia darasani amejifunga kitambaa mkononi, akasema amechomwa na miiba. Baada ya masomo alinieleza ukweli: mbwa wa kwao alikuwa amemng'ata tangu jana yake, naye akaficha kwa kuwa baba yake aliapa kwamba mbwa atakayemng'ata mtu atauawa siku hiyohiyo. Mtoto yule aliona ni heri mkono wake uumie kuliko mbwa wake afe.

Tulikwenda bombani tukaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha kituo cha afya, kisha nyumbani kwao. Kuosha huko si jambo dogo, kwani virusi vya kichaa cha mbwa huingia kwa njia ya mate, na sabuni huviharibu vingi kabla havijafika kwenye mishipa ya fahamu. Lakini hakuwezi kuchukua nafasi ya chanjo. Ugonjwa wenyewe hukaa kimya mwilini kwa wiki au miezi, na dalili zikishajitokeza karibu kila mgonjwa hufa. Baba alipotaka kuchukua panga, nilimsihi amfunge mbwa na kumwangalia kwa siku 10, huku mtoto akianza chanjo bila kusubiri, kwa sababu mbwa ambaye mate yake yalikuwa na virusi siku aliyong'ata huugua na kufa ndani ya muda huo, na akibaki mzima daktari hujua kwamba hatari imepita. Yule alibaki mzima. Tangu hapo nyumba ile ina sheria moja: anayesema ameng'atwa hapigwi, na mbwa hauawi kwa hasira.

Kwa hiyo mweleze Papa wa nyumba, kwa heshima yote, kwamba tishio la kumuuza mbwa humfundisha binti kuficha, na atakayoyaficha hayataishia kwenye majeraha. Mbwa mwenyewe achanjwe kwa daktari wa mifugo. Chanjo ya kwanza hutolewa akiwa na miezi 3, kisha hurudiwa kwa wakati atakaoutaja daktari, ambao mara nyingi ni kila mwaka. Tena asipigwe anapounguruma. Mbwa aliyezoeshwa kwa fimbo kunyamaza huuma bila kuonya, nami nimewasikia wazazi wakiusifu ukimya huo wakidhani ni adabu.

Baba wa Katuba, Lubumbashi

Kwetu mkorofi ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye marehemu mama yangu alipewa zamani na ndugu aliyetoka kwenye misitu ya ikweta. Ndege wa aina hii huweza kuishi zaidi ya miaka 40 akiwa kifungoni, kwa hiyo hurithiwa kama shamba. Hupiga mluzi alfajiri, huiga mlio wa simu hadi nyumba nzima ikanyanyuka, na kijana wangu anayejiandaa kwa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, aliapa siku moja kumfungulia dirisha.

Ugomvi mkubwa, hata hivyo, ulitokana na jambo jingine. Kasuku alibaki na sauti ya mama yangu. Jioni, saa ambayo marehemu alikuwa akiwaita wajukuu waje kula, ndege huliita jina la binti yangu wa miaka 16 kwa sauti ileile, akiivuta silabi ya mwisho vilevile, na pengine hukohoa kama marehemu alivyokuwa akikohoa. Dada zangu hawakuweza kuvumilia. Mkubwa wao alitaka ndege atolewe nyumbani kabla matanga hayajaanuliwa. Binti alikataa. Hakupaza sauti wala hakubishana na shangazi yake. Alihamishia godoro lake karibu na tundu, akalala hapo.

Niliamua ndege abaki, na sababu yangu ni hii. Binti huyo hakulia msibani wala hakumtaja bibi yake kwa wiki nyingi, akawa mtu wa kujifungia na simu yake, lakini kasuku alipoita alikuwa akiitika kwa sauti ndogo, "Naam, kambo," yaani bibi. Nilipoyasikia hayo nilijua kwamba kumtoa ndege kungekuwa kumnyang'anya mtoto njia pekee aliyokuwa ameipata ya kuomboleza. Niliwaomba dada zangu wavumilie, na mkubwa wao alikuja kunielewa baadaye, baada ya kukaa jioni moja na binti karibu na tundu.

Ni binti pia aliyegundua kwa nini ndege alikuwa akijing'oa manyoya ya kifua. Aliona kwamba hujing'oa zaidi siku ambazo nyumba imebaki tupu, kwa kuwa kasuku porini huishi katika makundi na upweke humtesa. Tulilitoa tundu kwenye ukumbi wa nyuma tukaliweka sebuleni, mbali na moshi wa makaa. Akapewa vibunzi vya mahindi na vijiti vya kutafuna ili mdomo wake upate kazi. Na usiku hufunikwa kitambaa kizito, hasa Juni na Julai ambapo baridi yetu ya kiangazi huuma. Akishafunikwa hunyamaza, na hapo ndipo kaka mtu hufungua madaftari yake. Manyoya yameanza kurudi, ingawa si yote.

Nawaomba sana, mtu asisome habari hii kisha akaenda kununua kasuku barabarani. Mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, zilipiga kura kuzuia biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wanaokamatwa porini, kwa sababu wamepungua vibaya, na kila anayenunua mmoja humpa mtegaji sababu ya kurudi msituni.

Kijana wa Majengo, Goma

Nawasalimu wazazi wote kwa heshima. Nina miaka 17, na naomba niseme upande wetu.

Mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipolipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021 nilikuwa bado mdogo, lakini kaka yangu alikuwa na umri nilio nao leo. Tarehe 27 ilipotolewa amri ya kuhama, mtaa wetu ukiwa kati ya ile iliyotajwa, tulishika njia ya Sake kwa miguu pamoja na umati mkubwa, na mbwa wetu hakuweza kuja. Kaka alirudi ndani akamfungua mnyororo ili asife amefungwa. Tuliporejea tulimkuta hai, amekonda, tena amegeuka mkali kiasi cha kutomkubali yeyote isipokuwa kaka, naye kwa shida. Nyumbani kulikuwa na mtoto mchanga. Siku moja tulipotoka shuleni tulikuta mnyororo mtupu, na hakuna aliyetuambia mbwa amepelekwa wapi.

Ninaelewa kwamba Baba alikuwa na sababu ya haki, na kaka naye anaielewa leo. Kilichomuumiza ni kwamba jambo hilo lilifanywa tukiwa darasani. Alikaa muda mrefu akila peke yake, na Baba alidhani ni kiburi cha ujana. Wazazi wetu, mnyama akilazimika kuondoka, tuambieni kabla, mtuache tumsindikize, na mtutajie anakokwenda. Tutalia, na huenda tukasema neno baya siku hiyo, lakini tutajua kwamba mlituhesabu kuwa watu wa nyumba hiyo.

Mama wa Kadutu, Bukavu

Maneno ya kijana huyu yamenigusa, kwa sababu kwangu ugomvi ulihusu mali. Mwanangu wa miaka 14 alianza kufuga simbilisi jikoni, kama watoto wengi wa Kivu wanavyofanya, kwa kuwa wanyama hawa hawahitaji eneo kubwa na sisi tunaoishi kwenye miteremko ya Kadutu hatuna uwanja. Wasumbufu ni wasumbufu kweli. Wakisikia mlio wa majani hupiga kelele nyumba nzima, paka wetu huwavizia usiku kucha, na huzaana upesi, maana jike huweza kushika mimba tena saa chache tu baada ya kuzaa. Kijana alijifunza mwenyewe kutenga madume, na huwatafutia majani mabichi kila siku, kwani simbilisi hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini mwake na akilishwa vyakula vikavu pekee huugua.

Siku moja wageni walifika, na baba yake akaagiza wawili wachinjwe. Kwa Baba, kilichomo jikoni ni cha nyumba. Kwa kijana, wale walikuwa madaftari yake na viatu vyake vya shule. Nilizungumza na mume wangu faraghani, nikamwonyesha kwamba mtoto huyu, ambaye tulikuwa tukimlaumu kwa uvivu, alikuwa amebuni kazi yake mwenyewe bila kuombwa. Tukakubaliana kwamba Baba akihitaji simbilisi atamwomba mwenye nao, na kijana naye, kwa heshima, hatamnyima mgeni wa baba yake, ila atarudishiwa thamani yake. Makubaliano hayo yanashikiliwa hadi leo, na usafi wa jikoni haunihusu tena.

Yaya (dada mkubwa) wa Ibanda, Bukavu

Nitasema kwa ufupi kuhusu nyani na ngedere, maana bado wapo wanaowauzia vijana watoto wa wanyama hao. Akiwa mdogo hukumbatia kama mtoto mchanga. Akifikia ukubwa huuma, huvunja, na meno ya nyani dume huweza kuwa marefu kuliko ya mbwa. Tena, ili mtoto mmoja akamatwe, mara nyingi mama yake huuawa. Mdogo wangu aliletewa mmoja na rafiki yake, tukakaa naye tukamweleza hayo, akakubali mwenyewe kwamba apelekwe Lwiro, kwenye kituo kinachowapokea sokwe na ngedere waliookolewa kutoka kwa wawindaji na wafanyabiashara. Mdogo wangu mwenyewe alimsindikiza.

Mama wa Himbi, Goma

Nimewasomea mume wangu na binti ujumbe wenu wote, tukiwa mezani. Mume wangu alinyamaza muda mrefu aliposikia habari ya mwanafunzi wa Mwalimu, kisha akamwomba binti amwonyeshe mikono yake. Alikuwa na kovu dogo la zamani ambalo hatukulijua. Tumekubaliana kwamba mbwa hatatajwa tena katika mambo ya alama, kwamba atachanjwa wiki hii, na kwamba tutamjengea uzio wa mbao upande wa nyuma ili mnyororo upungue na wadogo wasimfikie. Nimebakiwa na swali moja. Binti akimaliza shule na kwenda chuo, labda Bukavu au Kisangani, mbwa huyu atamkubali nani?

Mwalimu wa Ndosho, Goma

Muanze sasa, Mama, msingojee aondoke. Chagueni mtu mmoja, na kwa maoni yangu awe Papa mwenyewe, asimame kila asubuhi karibu na binti wakati wa kulisha, mbali kidogo, bila kumkazia mbwa macho wala kumnyoshea mkono. Mbwa akizoea kula huku Papa yupo, binti ampe Papa sahani aiweke chini na kurudi nyuma. Binti ndiye atakayesema ni lini mbwa yuko tayari kwa hatua inayofuata, kwa sababu yeye ndiye anayemjua.