Mrejesho: stika ya muuzaji na fremu ya namba vimetoka

Wakuu, niliuliza namna ya kutoa stika ya showroom kwenye buti la gari na fremu ya namba yenye jina lao bila kuchubua rangi. Vimetoka vyote.

Stika bapa: draya ya nywele, umbali wa kama sentimita 10, ihamishehamishe hadi bodi iwe ya moto ila mkono unavumilia. Inua kona kwa ukucha, kisha vuta polepole ukiilaza karibu na bodi. Ukiivutia juu inakatika na gundi inabaki. Herufi za plastiki zilizonyanyuka zinataka uzi wa kuvulia samaki, unakata gundi kwa nyuma kama msumeno. Mabaki: mafuta ya kupikia dakika 10, futa, malizia na spiriti. Aliyeshauri thina, hapana kabisa. Inalainisha rangi, hasa iliyopigwa upya. Kioo cha nyuma msipitishe wembe kwa ndani, mtakata nyaya za kuondoa ukungu.

Fremu ilishikwa na ribiti (pini za kubana zisizofunguka kwa bisibisi), si skrubu. Toboa kichwa cha ribiti tu, ukizamisha keekee unaumiza bampa. Kurudishia namba, skrubu zisizoshika kutu na washa za plastiki, isigongegonge.