Marge wa The Simpsons kafa au hajafa? Kuna dau la mgebuka hapa

Kinyozi_Mwanga:
Wakuu, kwema? Nipo Mwanga, Kigoma, nina saluni ya kiume, na saluni ina kesi. Mpwa wangu kaja na laptopu toka Dar, tukaangalia sehemu ya mwisho ya msimu wa 36 wa The Simpsons, ile katuni ya Marekani, iliyotoka Mei 2025. Msiba nimeuona kwa macho yangu: Marge, mama wa familia, kazikwa, mumewe Homer analia, watoto wao Bart na Lisa ni watu wazima na kila mmoja hana habari na mwenzake. Sasa kuna bodaboda mmoja, mteja wangu, kashikilia Marge yuko hai, eti kamwona msimu wa 37 ulioanza Septemba mwaka huohuo. Tumewekeana mgebuka wa kuchoma.

Kinachoniuma lakini si samaki. Homer ana nywele mbili utosini, huyo hata mashine siwashi. Bart nywele na ngozi rangi moja, sijui ningeanzia wapi. Ila ule mnara wa nywele za buluu wa Marge! Mtu ausimamishe kila asubuhi miaka yote hiyo, halafu mnamzika hivihivi? Nijibuni kabla ya Ijumaa, jamaa anakuja kunyoa.

Binti_Tabora:
Kaka kinyozi, umeliwa. Pale wameruka miaka 35 mbele. Hawa watu hawakui: Bart ana miaka 10 tangu 1989, Lisa 8, na mdogo wao Maggie hajaiacha chuchu ya mpira. Kesho yao wanaibadilisha kila wakijisikia. Mwaka 2000 walimwonyesha Lisa ukubwani ni rais wa Marekani, safari hii ni kamishna wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani. Ipi ya kweli?

Mzee_wa_Stesheni:
Binti, usimcheke mwenzio. Hao waandishi wakiamua kuua, wanaua. Maude, mke wa jirani yao Ned Flanders, alikufa Februari 2000: fulana zinazorushwa kwa mashabiki kwenye mbio za magari zilimwangusha toka jukwaani. Hakurudishwa. Na Krabappel, mwalimu wa Bart, walimstaafisha baada ya Marcia Wallace, aliyekuwa sauti yake, kufariki Oktoba 2013. Tofauti ni kwamba Maude alifia kwenye leo yao. Marge kafia kwenye kesho, na keshokutwa yuko jikoni anapika.

Kinyozi_Mwanga:
Shikamoo mzee, nimekusoma. Ila dau letu lilisema "kafa au hajafa", mwaka hatukutaja. Na mbona hilo la mbinguni mnalikwepa? Wamemwonyesha huko kaolewa na Ringo Starr wa bendi ya The Beatles! Mtu aliye hai anaolewaje mbinguni? Homer yuko chini analia, mwenzake kashavuta jiko jingine.

Binti_Tabora:
Hahaha, huo utani una historia. Kuna sehemu ya mwaka 1991, Marge alipokuwa mwanafunzi alimchora Ringo akamtumia picha, na jibu likamfikia miaka mingi baadaye. Ringo mwenyewe ndiye aliyetia sauti. Yaani wanawatekenya wale waliofuatilia tangu zamani. Lipa mgebuka, kaka.

Mzee_wa_Stesheni:
Marahaba. Lipa, ila nusu tu. Mazishi umeyaona kweli.

Boda_wa_Gungu:
Nimeonyeshwa uzi huu na mpwa wake. Nusu siitaki mzee wangu. Mgebuka mzima, ugali wa muhogo, na Ijumaa nanyolewa bure kwa usumbufu.